Kesi Niliyoitunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Uh! Amekubali. Mkuu wa idara, baada ya kunizungusha muhula mzima, kasema sawa — somo langu la kuchunguza ushahidi wa kidijitali lijaribiwe Ijumaa, naye akiwepo. Wanafunzi wakikwama, somo linafutwa, nami narudi kufundisha kuchapa barua. Kuchapa barua! Sitaki hata kuota.

Jumatano, 5 Machi

Kesi tayari. Mtihani umevuja, mwizi ni karani wa kubuni. Nimeandika barua yake ya kuuza mtihani, nimeiweka kwenye flashi, nimeifuta. Wao waifufue, waseme nani kafanya nini. Mume wangu kapita na chai, ananitania eti mkewe sasa analipwa kwa uhalifu. Nimemwambia aniache, ila nimecheka.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya maabara.

Walianza vizuri. Barua ilifufuka kabla mkuu hajamaliza kufuta miwani. Halafu wakaacha kubofya. Wananong'ona, wananitazama, wanatazamana. Nikajua wamekwama. Yule binti tunayemwita Redio, kwa kuwa hasemi kamwe, akasimama. Karani hahusiki, akasema. Barua imeandikwa kwenye kompyuta ya mwalimu, kwa akaunti ya mwalimu, juzi jioni. "Samahani, mwalimu. Mhalifu ni wewe."

Lo! Jina la karani nililiweka chini ya barua, nikasahau kwamba kompyuta nayo huhifadhi jina la anayeandika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia mkuu ukweli: mimi nimetunga vibaya, wao wamechunguza sawasawa. Akauliza kama niliwadokeza. Mimi? Nijidokeze mwenyewe? Hakucheka. Akaniomba nitoke — atawapima mwenyewe, kwa flashi aliyokuja nayo mfukoni.

Basi nimetoka. Na ajabu, sina hofu. Tangu Jumatatu nilikuwa kama nimebeba gunia kichwani, sasa limeshuka. Hawakunionea haya wale! Walifuata ushahidi mpaka mlangoni kwangu. Hilo ndilo nililotaka kuwafundisha, na sikuwa na hakika kwamba linafundishika. Nimefurahi mpaka machozi, peke yangu hapa, na mfagiaji ananiangalia.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia mkuu akivuta kiti kwenye kompyuta. Anasema flashi yake hii hapa, ngoja aichomeke, tuone. Ghafla sauti kali — Redio huyo!

"Mkuu, usichomeke! Ukichomeka hivyo hivyo tarehe zinabadilika, ushahidi unaharibika. Kwanza tunaizuia isiandikwe, kisha tunatoa nakala!"

Hata mfagiaji kasimamisha ufagio.

Kiti kinasukumwa nyuma. Mkuu anasema, polepole, haya mama, kaa wewe hapa. Nionyeshe.