Bomba la Moshi Nyuma ya Supamaketi

Kitwe, 4 Oktoba

Mama mpenzi,

Hujambo? Magoti je? Mimi mzima kama nyati. Mama, Kitwe nzima inakula kwa idhini yangu! Nikiamka, kuku wa supamaketi wanaganda, nikilala, wanaoza. Ndiyo, mwanao aliyeishia darasa la sita ndiye bwana wa jenereta.

Ila nina hasira. Mtaani umeme hakuna, watu wanamaliza msitu kwa mkaa, huku friji zetu hazina milango, ziko wazi kama mdomo wa mlevi. Baridi yote inamwagika sakafuni, mpaka makeshia wanavaa sweta Oktoba hii ya kuchemsha ubongo! Nikamwambia meneja Silavwe, "Bosi, tia milango, tutachoma dizeli kidogo." Akanicheka: "Mlango unafukuza wateja. Wewe washa tu." Mjinga mwenye tai.

Mwanao,
Kabwe

Nchelenge, 15 Oktoba

Kabwe,

Salamu nimepokea, magoti yangu yaache. Bwana wa jenereta! Bomba la moshi la mtambo wako linapumulia uani kwa dada yako Chileshe, hapo nyuma ya supamaketi. Nguo akizianika zinakuwa nyeusi, na mwanawe Musonda anakohoa mpaka anatapika. Alipokuja kukulalamikia ulimjibu nini? "Hamia kwingine"? Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake. Mjomba gani anamkausha mpwa wake kwa moshi kama samaki? Rekebisha, au usiniite mama.

Mama yako

Kitwe, 2 Novemba

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi, mwili tu ndio mzima. Barua yako iliniunguza. Siku ileile nilipanda na spana, nikaligeuza bomba upande wa pili. Silavwe akafoka, "Nani kakutuma?" Nikamjibu, "Mimi mjomba wa Musonda, sitaki ruhusa yako!" Makeshia wakapiga vigelegele. Kanifukuza kazi; na agande na friji zake, bado ziko wazi. Kwa Chileshe nguo sasa nyeupe.

Lakini Mama, sikubisha hodi kwake. Nilikuwa bado nimemnunia kwa kunishtaki kwako, nikasema sifa zangu atazisikia mwenyewe. Kumbe alishamwondoa Musonda kwenye moshi, anashinda kwa mama jirani, Bana Ng'andu, palepale nilipoelekeza bomba. Sasa mtoto yuko hospitali, anapumua kwa mashine.

Bomba nililigeuza vizuri, Mama. Sikuuliza mtoto yuko wapi.

Kabwe,
mjomba wa Musonda