Matairi Mawili ya Mbele

Shabani ndugu yangu,

Najua hutanijibu, lakini leo nisipokuandikia nitapasuka.

Hii ni baridi ya pili tangu gari lako liserereke kwenye kona ile ya mtaa wa Jette, huku ughaibuni, asubuhi ukienda kazini. Watu walisema theluji, wengine wakasema mwendo. Mimi nilikaa msibani, nikagawa chai, nikampa mkeo pole bila kumtazama usoni.

Maana ni mimi niliyekuambia. Ulitaka matairi manne ya theluji pamoja na rimu zake, mfuko ukakataa. Nami, kwa kuwa nilikaa gereji ya mjomba Morogoro miezi sita basi najua kila kitu, nikakwambia: "Weka mawili ya mbele. Ndiyo yanayovuta gari, ya nyuma yanafuata tu." Ukacheka: "Haya, bwana fundi!" Tukayafunga pamoja, vidole vimekufa ganzi. Siku ya ajali mbele ikashika barabara, nyuma ikaponyoka. Nilikuja kuelewa umeshazikwa.

Yale mawili ya zamani tuliyoyafungua bado yako stoo ya chini kwangu, mtaa wa Ixelles. Nikishuka kufua nayakuta yameegemea ukuta. Wallahi, mara nyingine nasikia unakohoa nyuma yake. Nachukua nguo zangu mbichi hivyohivyo, napanda.

Jumamosi Mwanaidi mkeo akanipigia. Amenunua kigari cha kumpeleka binti yenu Zuhura shule. "Shemeji, wewe unayajua mambo haya. Njoo unichagulie matairi ya theluji, ya bei nafuu." Ningekataaje? Tukaenda kwa muuza matairi ya mitumba nyuma ya stesheni ya treni ya Gare du Midi, Mkongo wa Lubumbashi. Nikapima kina cha mifereji ya mpira, nikasoma mwaka yalipotengenezwa, nikachagua rimu za chuma, mbaya lakini nzima. Yule bwana akamwambia, "Maman, mbili ya mbele inatosha."

Shabani! Maneno yangu yaleyale kwenye kinywa cha mtu mwingine, na mkeo anafungua mkoba! Nikasema hapana, manne. Kisha nikamwambia yote, palepale kati ya marundo ya matairi, nalia kama mtoto.

Hakushtuka. "Najua, shemeji. Aliniambia jioni ileile mlipoyafunga. Nilikuwa nasubiri uje useme mwenyewe."

Baridi mbili, Shabani! Baridi mbili ananipakulia pilau, na anajua.

Hakusema amenisamehe. Alisema nikaze nati vizuri, mtoto anapanda.

Nimeyafunga yote manne, nikianza na ya nyuma, maana Zuhura hukaa nyuma. Kila mwaka kabla theluji haijaanguka nitakwenda kuyafunga mwenyewe, maadamu niko hai. Hilo nakuahidi.

Buriani, ndugu yangu. Nisamehe ukiweza. Mkeo bado hajasema.