Panya Asiyetajwa Jina

Shikamoo Bibi. Natumaini goti limetulia.

Jumapili jirani yetu hapa Missouri City, mama mzee mwenye asili ya Kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, alitualika kwenye sherehe ya chama chao. Walicheza ngoma za kwao, wakatulisha mkate wa zabibu. Watu wa kisiwa hicho hawamtaji panya, huogopa mkosi. Husema "mkia mrefu". Mjomba akacheka, akarudia kwa Kiingereza "panya, panya" mpaka yule mama akaziba masikio.

"Kumbe Wazungu nao washirikina!" akaniambia.

Nilipandwa na hasira, mimi nisiyeongea mbele za watu. Nikasema kwa Kiingereza, wote wasikie: "Mjomba, mbona kwako nyoka hatajwi usiku? Si unatuambia tumwite kamba?"

Wazee wakaangua kicheko. Mjomba alinuna, na hadi leo ananisemesha kupitia kwa mkewe: "Mwambie huyo chakula tayari."

Eti nimemvunjia heshima! Na yule mama je? Bibi, wewe ndiye uliyemzaa Mjomba. Mpigie simu, umwambie aende kwa jirani akaombe radhi. Mimi nitamsindikiza.

Nakukumbatia kwa nguvu zote.

Mjukuu wako,
Zuhura