Nani Kanirudisha Kuwa Mtu

Jumamosi, 6 Mei 2000

Krr, krr, kimya, krr. Mlio wa disketi ikiandikwa. Niliusikia nikiwa jikoni nachuja chai, na bado uko masikioni. Nilijua hapo hapo Idrisa amefanya nini.

Sebule yetu ndiyo ofisi. Kiwanda kilipouzwa Baba akapunguzwa kazini, na kiinua mgongo chake kikawa kompyuta moja iliyotumika, printa, na kibao mlangoni: Tunachapa Tasnifu. Mchapaji ni mimi na shahada yangu ya kilimo, maana siku hizi serikali haimpangii mtu kazi. Nasubiri jibu la mradi wa mpunga wa Kisaki. Walinisaili mwezi uliopita. Kimya. Leo nimechapa sura mbili za minyoo ya mbuzi. Kisha akaja mchumba wangu Idrisa, kama kila Jumamosi, akakaa kwenye kiti changu.

Gemu ni yake. Aliileta aliporudi kutoka masomoni Ulaya. Mwenzake wa bweni aliitunga peke yake, maandishi matupu, picha hakuna. Ya watu wazima, onyo liko mwanzoni. Unaanza mwanamke wa kawaida chini ya mlima na unatakiwa uvuke ng'ambo. Njiani kuna madubwana. Unapigana nayo, unakula nayo au unalala nayo, na kila moja linakuachia kitu mwilini: pembe, manyoya, mkia. Idrisa alinipa ili tucheke wote. Nilicheka siku mbili. Kisha nikaanza kutaka kuvuka.

Wiki tatu nimehangaikia magamba. Bila magamba hupiti pango la maji. Leo Idrisa kamnywesha mwanamke wangu dawa nyeupe, kamrudishia ngozi laini, kasevu. Gemu ina nafasi moja tu ya kusevu, kuhifadhi ulipofika. Ukisevu, cha zamani kimekwenda.

"Nimekusaidia," akasema. "Ulikuwa unatisha."

Nikampa chai yake.

Jumatatu, 8 Mei

Umeme hakuna tangu alfajiri. Minyoo ya mbuzi inasubiri. Mimi pia.

Hasira ya kijinga. Najiambia ni gemu tu. Haisaidii.

Jumatano, 10 Mei

Nimechapa hadi adhuhuri. Baba alipokwenda msikitini nikaingia mlimani. Nimeanza upya kulitafuta lile joka la bwawani, ndilo linalotoa magamba.

Sehemu za kitandani nyingi zinachosha. Mtunzi anarudia maneno yale yale kama diwani jukwaani. Ya joka la bwawani haichoshi. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuyasema. Nimepata magamba ya mikono. Kuna sentensi inasema kwamba mikono yako sasa haisikii baridi. Nimeirudia kuisoma mpaka Mama akasimama mlangoni.

"Wewe, mbona unaikodolea macho tasnifu ya watu kama umeona jina lako?"

"Ina makosa mengi, Mama."

"Basi sahihisha ukanisaidie kupepeta mchele."

Jumamosi, 13 Mei

Washenga watakuja Jumapili ya tarehe 28. Idrisa ndiye aliyeleta habari, Mama akapiga kigelegele kidogo, cha ndani. Mjomba Shomari itabidi ashuke kutoka Kinole, kule milimani. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Bila yeye barua ya posa haifunguliwi.

Baadaye Idrisa alikaa nyuma yangu kunitazama nikicheza. Safari hii hakucheka. Akauliza kwa nini kila mara nachagua ubaya. Nikamwambia si ubaya, ni njia ya kupita. Akasema mle ndani kuna wanawake wanaobaki wazuri hadi mwisho. Mkia kidogo tu. Masikio ya paka. Ameshajaribu.

Mteja akabisha hodi. Nikaenda kupokea karatasi zake.

Krr, krr.

Nimerudi nikakuta magamba hakuna na masikio ya paka yako kichwani.

"Sijakubadilisha sana," akasema.

Nilimchukia kabisa kwa muda wa kumeza mate. Kisha akamsimulia Baba kisa cha mzungu na pilipili, Baba akacheka hadi kukohoa, nikajiona mimi ndiye mbaya. Hili ndilo linalonichosha kwake. Hana ubaya wa kuushika mkononi.

Alhamisi, 18 Mei

Nimevuka pango.

Masikio ya paka niliyaondoa kwa kung'atwa makusudi na popo. Nikarudi bwawani mara ya tatu. Joka lenyewe sasa linanisalimu kama mtu wa nyumbani. Magamba hadi shingoni, mashavu ya samaki, pembe moja ambayo sikuiomba. Nikaingia majini. Kurasa na kurasa za giza, kisha sentensi moja: unaona mwanga. Nilipiga meza. Baba akadhani printa imekwama.

Nilitoka nje kupumua. Bondwa imejifunika wingu kama kawaida ya masika. Nikautazama mlima wetu wa kweli kama mtu anayeudai kitu.

Mradi bado kimya. Nimekasirika nao pia. Hata kukataliwa ni adabu.

Jumatatu, 22 Mei

Bi. Tatu, katibu muhtasi wa mradi, kaja na kurasa za kikao. Printa yao imekufa. Nikamkaribisha, nikaanza kuchapa, naye kakaa kando anajipepea.

"Ulitunyima, mdogo wangu," akasema.

"Niliwanyima nini, dada?"

"Kisaki. Bosi alikuwa amekuchagua wewe. Mchumba wako akaja kutuambia unaolewa, hutaweza. Kasema umemtuma."

Vidole vyangu viliendelea kuchapa. Nimeangalia baadaye: niliandika neno "mpunga" mara nne mfululizo.

"Nafasi imeshajazwa?"

"Bado. Bosi kasafiri, anarudi Ijumaa, ndipo ataitwa wa pili." Akaacha kujipepea. "Kumbe hukumtuma?"

Nikamwomba anisomee mstari uliofuata.

Jumanne, 23 Mei

Nimekwenda Mazimbu, anakofundisha Idrisa. Alikuwa ndio anatoka darasani, chaki mikononi, wanafunzi wakimwamkia. Tukasimama kando ya ukuta.

Hakukana. Hata sura haikumbadilika.

"Nilikusaidia, Zena. Barabara ya Kisaki mvua ikinyesha unaijua. Tembo wanaingia mashambani. Na ungeona vibaya kukataa mwenyewe."

"Sikutaka kukataa."

"Ndiyo maana."

Kasema kwa upole, kama anayemfungia mtoto kifungo cha shati. Nikamtazama nikitafuta jibu. Mimi, niliyeshinda midahalo ya shule nzima. Nikamwambia chaki imemshika shavuni. Nikaondoka.

Nimejikasirikia njia nzima.

Usiku Mama kanikalisha kunifundisha Jumapili itakavyokuwa. Mjomba ataniuliza mbele ya wageni kama barua ipokelewe. "Inamisha kichwa, basi. Kunyamaza ndiko kukubali. Ukisema ndiyo kwa mdomo watasema ulikuwa na haraka."

"Na asiyekubali je?"

"Asiyekubali haitwi pale. Mambo yanakuwa yamekwisha huku nyuma." Akanitazama. "Kuna jambo?"

Nilisema hakuna. Uongo. Sijui kwa nini. Mama ameshanunua khanga.

Jumamosi, 27 Mei

Idrisa hakuja. Si desturi mposaji kuonekana siku moja kabla ya barua. Gemu sijaigusa. Nimepepeta mchele, nimechambua iliki za mjomba, nimesaga vitunguu saumu. Mjomba Shomari kafika na mkungu wa ndizi begani, na matope hadi magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda. Au ndio uchumba?"

"Ni kuchapa."

"Kuchapa hakukondeshi mtu. Kuchapwa, labda."

Sikuweza kucheka. Aliliona hilo.

Jumapili, 28 Mei

Walikuja watatu. Mshenga mzee mwenye kofia mpya na sauti tamu. Kompyuta ilifunikwa kitambaa cha maua, na chombo cha maua juu yake.

Nikaitwa. Nikapiga magoti mkekani, mtandio usoni.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, "hawa wageni wanasema kuna ua wameliona katika nyumba hii. Wana barua. Tuipokee?"

Nikainamisha kichwa. Shingo ilijiinamia yenyewe. Nikasikia mle chumbani watu wakianza kupumua, mshenga anajiweka sawa kitini, Mama nyuma ya pazia anavuta hewa ya kigelegele. Kimya changu kilikuwa kimeshaanza kuhesabiwa.

"Hapana, mjomba," nikasema. "Msiipokee."

"Sema tena. Sikio langu la kulia bovu."

"Msiipokee. Kosa si la wageni hawa. Mwenye barua amenijibia mahali ambapo sikumtuma, na nikimwacha atanijibia maisha yote."

Mshenga akakohoa. "Labda ni haya tu za mtoto wa kike."

"Haya ni kunyamaza, bwana mkubwa," akasema mjomba. "Huyu kasema." Akaichukua barua kwa mikono miwili, haijafunguliwa, akamrudishia kwa mikono miwili.

Hakuna aliyejua la kufanya. Baba akasema, "Basi wageni wale. Pilau imeshaiva."

Wakala. Mama alilia jikoni, nami nikapakua.

Jumatano, 31 Mei

Mvua nyembamba tangu asubuhi. Mama ananiagiza kupitia kwa Baba, nami nipo hapo hapo. Mjomba alipanda juzi; alipoaga alinishika kichwa.

Idrisa katuma mtu kuchukua disketi. Nimempa. Kabla ya hapo nilitoa nakala, na kwenye ile nakala nimekisukuma kile kidude cha pembeni cha kuifunga, kitundu kikabaki wazi. Haiandikiki tena. Na mimi siwezi kuiandika. Mwanamke wangu yuko ng'ambo ya pango na magamba yake na pembe yake ya bahati mbaya, kilele bado hajakifikia. Sawa.

Kuna siku sikuiandika humu. Niliogopa hata karatasi. Ijumaa, bosi wa mradi aliporudi, nilikwenda mwenyewe ofisini kwake nikamwambia nakuja. Kwa hiyo Jumapili, nilipopiga magoti mkekani, nilikuwa nimeshasaini mkataba.

Gari la Kisaki linaondoka Jumatatu. Buti nimenunua.