Kikapu Chako Kimeota Maua ya Njano

Bibi, mke wangu,

Salamu zitakuja nyuma. Kwanza habari: nimekunywa. Kikombe kizima, kile chako kidogo chenye ufa, na sasa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua hapa jikoni, nasubiri kuona kama nitakufa. Nikifa, barua hii haina haja ya kutumwa, nitakuletea mwenyewe mkononi.

Usicheke. Nakujua, umeshaanza.

Leo ni arobaini yako. Uani hapa Joburg kina mama wa Kitanga wamewasha mkaa, pilau linanukia mpaka kwa Mreno wa mikate pale kwenye robot, taa za barabarani, na alasiri watu watakuja kusoma khitma. Wote wanaujua usia wako, maana uliutangaza kuliko tangazo la ndoa: "Siku nikiondoka msiwape watu soda. Wapeni chai yangu." Na mimi, mbele ya msiba mzima, nikapiga kifua kwamba kazi hiyo ni yangu, asiniingilie mtu, nitawamiminia mpaka watoke hapa wanatembea kama maharusi. Ulimi wangu huo. Wewe ndiye uliyekuwa unasema ungeuzwa kwa kilo tungetajirika.

Basi jana asubuhi nikakitoa kikapu cha mwisho, kile cha mianzi ulichokisimamisha nyuma ya kabati ukakifunika kanga kama mtoto aliyelala. Nikakifungua. Bibi, chai imeota ukungu. Vitone vya njano, vidogo vidogo, vimetapakaa kwenye majani kana kwamba mtu amepukutishia kiini cha yai kilichokaushwa. Nilirudi nyuma nikajigonga kichwa kwenye rafu. Mimi, Hamza mjukuu wako, niliyewahi kumfukuza mwizi wa simu Hillbrow mpaka akaitupa simu yenyewe, nimekimbia majani.

Na unajua kwa nini nimeogopa. Ulikufa na kikombe mkononi. Pale pale barazani, kwenye kiti chako cha plastiki, ulikuwa unanitukana kwa sababu nimeunguza maandazi, ukanyamaza katikati ya tusi. Nilidhani unatafuta tusi zuri zaidi. Daktari alisema ni presha, mshipa wa kichwani ulipasuka. Lakini makaburini, udongo bado mbichi, Ami Kombo akasema kwa sauti ile yake ya mwenyekiti wa chama chetu cha Watanga, "Ile chai ya Mchina ndiyo iliyomwondoa." Na watu wakaguna. Hawakukataa, waliguna tu.

Tangu siku hiyo pale barazani tunapouzia chai hakai mtu. Walinzi waliokuwa wakipitia kikombe wakitoka zamu sasa wanavuka barabara. Yule fundi cherehani Mmalawi ananisalimia kwa mkono wa mbali. Na mimi mwenyewe, niliyekunywa nawe birika moja tangu nilipofika mji huu nikiwa na begi la shule lisilo na daftari, kila usiku naushika mshipa wa shingo nihakikishe bado unapiga. Sasa fikiria, chai yenyewe imeota vitu vya njano, halafu niwanyweshe watu wa khitma. Mtu mmoja tu akishika tumbo! Hapa Joburg unajua mambo yalivyo. Mgeni akisemwa amelisha watu sumu, hawaulizi daktari. Wanakuja na matairi na petroli.

Kwa hiyo ama nivunje usia wako, ama niue chama kizima cha Watanga. Ndiyo urithi ulioniachia. Asante sana.

Nilikaa nikajaribu kukumbuka uliyonifundisha, na unajua darasani mimi nilikuwa wa dirishani. Lakini hii ya chai niliisikiliza, kwa sababu uliisimulia kama umbea. Kwamba ulipofika hapa ulipata kazi ya kupika kwa yule mzee Mchina wa Cyrildene, mtaa wa Wachina, uliyempa jina Bwana Kikapu, na siku moja akakumiminia kikombe cheusi, ukakinusa, ukakaa chini ukalia. Kilinuka popoo. Popoo ya bibi yako kule Ngamiani, Tanga, aliyekuwa akitafuna tambuu tangu alfajiri mpaka midomo ikawa kama amekula damu. Ukamwambia Bwana Kikapu, "Nyinyi mmemwibia bibi yangu pumzi." Naye akafurahi, maana kumbe kwao chai hiyo husifiwa kwa harufu hiyo hiyo. Isiyonuka popoo, mzee wa kwao anaisukumia pembeni.

Uliniambia inatoka Liu Bao, mji wa milimani kusini mwa Uchina, na kwamba jina lake maana yake ngome sita. Nikakuuliza ngome sita za nini, ukanijibu, "Za kuwazuia wajinga wenye maswali." Uliniambia majani yake hayakaushwi tu yakaisha. Yanalundikwa yakiwa na maji, yanafunikwa, yanapata joto lake yenyewe ndani kwa ndani, kama sisi tunavyovundika ndizi. Halafu yanapikwa kwa mvuke, yanashindiliwa kwenye vikapu, yanawekwa mapangoni na maghalani miaka na miaka. Chai nyingine ikikaa inakufa, hii ikikaa ndiyo inazaliwa. Ukaniangalia juu mpaka chini ukasema, "Na wewe ungefaa kuvundikwa, mume wangu, bado mbichi."

Na ile ya wachimbaji ndiyo niliipenda. Kwamba zamani Wachina waliokwenda kuchimba bati Malesia, kwenye joto la unyevu linalomwozesha mtu akiwa hai, walikuwa wakinywa hii. Waliamini inatoa unyevu mwilini, inatuliza tumbo, inakata mafuta. Na mwenye mgodi asiyewapa chai hii wachimbaji walimkimbia. Mimi nikasema basi Johannesburg ndiyo kwake hasa, mji mzima huu umekaa juu ya mashimo ya dhahabu. Ulinisifu siku ile. Mara moja tu ulinisifu, na mimi nikawatangazia wateja wiki nzima kwamba chai hii ni dawa ya presha, sukari, mgongo na mke mkali.

Ukanipiga na mwiko. "Hamza, usiniuzie uongo kwenye kikombe changu. Ukila magwinya matano yanayochuruzika mafuta inakutuliza tumbo, ukiwa na baridi inakupasha, ukiwa na huzuni inakukalisha. Chai ni chai. Dawa iko kliniki." Na vidonge vyako ulikuwa ukivimeza kila asubuhi kwa maji matupu, mbele ya birika, hata chai ukaifanya ingoje. Hilo nililiona kwa macho yangu, na pale makaburini, Ami Kombo aliposema alivyosema, mdomo huu usiofungwa ulifungwa. Niliogopa. Yeye mtu mzima, mimi nani.

Basi jana nikapanda teksi mpaka Cyrildene. Nilibeba majani kidogo ndani ya soksi safi. Safi kiasi. Bwana Kikapu amezeeka, Bibi, anatembea akishika rafu. Nilimwambia umefariki, akaenda akafunga mlango wa duka wakati jua bado kali. Halafu akachukua yale majani, akavaa miwani juu ya miwani, akatabasamu mpaka nikaudhika. Kwa Kiingereza chake na Kizulu chake aliniambia hayo ni maua. Maua ya dhahabu. Wapo wanaoomba chai yao iyapate na hawayapati. Yakiwa ya njano na makavu, harufu safi, ni heri, kikombe kitakuwa laini na kitamu kwa mbali. Zingekuwa nywele nyeusi au kijani, zinuke kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji, nitupe kikapu kizima na nisiangalie nyuma.

Nilishukuru, nikasema sharp kama wenyeji, nikatoka nimenyooka. Nikafika kituoni, woga ukanirudia wote. Mwamba ngoma huvutia kwake! Huyu si ndiye aliyetuuzia? Atasema nini, kwamba chai yake imeoza?

Kwa hiyo leo baada ya sala nimefanya ulivyokuwa ukifanya. Nimetandaza majani yote juu ya siniya, dirishani, nikayageuza jani kwa jani kutafuta weusi na kijani. Sikuona. Nikanusa mpaka pua ikaniuma. Popoo. Nikachemsha maji, nikamimina ya kwanza, nikayamwaga kwenye mfereji, kama ulivyonionya: maji ya kwanza yanaosha na kuamsha, ya pili ndiyo ya kunywa. Unakumbuka majirani walivyosema unatambikia mizimu kwenye mfereji? Na mimi nikawajibu ndiyo, na majina yao tumeyataja. Ulinikimbiza na kandambili.

Rangi imetoka ile ile, kama ukwaju uliochemka sana. Nikasema bismillahi. Nikanywa.

Sasa, Bibi, sikiliza. Moyo unanidunda kama spika ya teksi. Viganja vimelowa. Tumbo linanguruma, na sijala kitu tangu jana, kwa hiyo sijui ni sumu au njaa. Niliona kizunguzungu niliposimama, nikakaa, nikasimama tena kukijaribu. Ulimi siuhisi sawasawa, lakini nimeuuma mwenyewe. Nataka kukuambia siogopi. Sasa hivi siwezi kukudanganya, huenda nikakukuta baada ya nusu saa ukaniumbua mbele ya malaika.

Naogopa. Naogopa kufa kwenye ndoo. Naogopa kutokufa vilevile, maana nisipokufa itabidi nitoke pale nje nisimame mbele ya Ami Kombo. Na kuna woga mwingine sijui niuandikeje. Kikapu hiki kikiisha hakuna mtu hapa nyumbani atakayeniambia nimevundikwa vibaya.

Nimekatishwa kuandika, subiri.

Mama Divine ameingia. Yule jirani msusi, Mkongo wako wa Bukavu. Ameleta masufuria mawili ya kutuazima, amekikuta kikombe cha pili nilichokimimina nikashindwa kukinywa, na kabla sijafungua mdomo amekigida chote. Chote, Bibi! Nilipiga ukelele kama msichana. Nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja, kuota, vitone vya njano, Ami Kombo, matairi. Akaweka kikombe chini taratibu, akajifuta mdomo kwa kitenge.

"Sasa weye unalia juu ya nini?" akaniuliza. "Kama ni kufa, tunakufa wawili. Sogea, nami nikae."

Akaikalia ile ndoo, mimi nikakaa sakafuni. Tukangoja kufa. Tulisikiliza tumbo la kila mmoja. Halafu akaniambia jambo ambalo hukuniambia kamwe. Kwamba kila alfajiri, mimi nikiwa bado nakoroma, yeye alikuwa akija hapa kunywa nawe kabla ya kwenda saluni. Kwamba alishaviona vitone hivyo kwenye kikapu cha zamani, na ukamwambia asiniambie, kwa sababu nitavitangaza kuwa dhahabu na kesho tutavunjiwa mlango. Nikacheka, Bibi, kwa mara ya kwanza tangu nilipoviosha vikombe vyako peke yangu. Na kwamba siku moja alikuuliza kwa nini mtoto huyu anasema sana, ukamjibu, "Anaogopa giza. Mwache aseme, ndiyo taa yake."

Mke wangu, ulijua. Miaka yote hiyo ulijua, ukanyamaza, ukanipiga mwiko tu.

Mama Divine ametazama saa ya simu yake, akasema, "Hatufi leo," akaomba kikombe kingine, safari hii na sukari, Mungu amsamehe. Ametoka sasa hivi kupanga mikeka. Mimi bado nina kizunguzungu kidogo lakini nadhani ni njaa, nimekula andazi moja kimepungua.

Nitawapa chai yako. Na kabla sijammiminia mtu nitasema ule ukweli ulionipigia mwiko: kwamba haikumuua Bibi Mwanaisha na haikumponya. Kwamba alimeza vidonge vyake kila asubuhi, mimi shahidi, na anayekunywa hii asiache vyake. Nitamwambia Ami Kombo usoni. Sauti ikikatika nitaanza upya. Na nakuahidi, barazani hapo sitamuuzia tena mtu uponyaji. Nitamuuzia kikombe, na nikitaka kujigamba nitajigamba kuhusu mbio zangu. Na kesho kutwa nakwenda kliniki wanipime presha, maana damu ni moja, na huu mshipa wa shingo nimechoka kuushika usiku.

Nenda salama, mke wangu. Mola akupanulie ulipo, akupe kivuli, na kama kuna chai huko, mwage maji ya kwanza. Usiolewe na mwingine kabla sijafika, na mimi sina haraka ya kufika.

Nasikia viatu vinavuliwa mlangoni. Ni Ami Kombo, nakijua kikohozi chake. Birika limechemka. Mkono wa kulia unatetemeka, Bibi, hautulii hata niufanyeje, kwa hiyo nitamshikia kikombe kwa mikono yote miwili, na nitainama. Watadhani ni adabu.

Mumeo mbichi,
Hamza