Nyumba ya Utepe wa Bluu

Barabara ya Old Ferry, Nyumba 118,
Decatur, Alabama.
Jumapili, 23 Februari.

Mpendwa Mama Mdogo Lorene,

Hujambo huko Alaska kwenye theluji yako? Magoti yanasemaje? Natumaini barua hii itakukuta karibu na moto, kahawa mkononi, na yule paka wako mnene hajakunyang'anya kiti. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mipeasi imechanua mapema mwaka huu, na baridi ikirudi maua yatajuta.

Mama anaendelea vizuri. Nyonga aliyovunja Oktoba imeunga, ila bado anatembelea ile fremu ya chuma ya miguu minne, na ngazi za nyumbani amezikatia tamaa. Analala sebuleni kwenye kochi, na anasema anapapenda. Hapapendi.

Ndiyo maana Baba anamjengea nyumba isiyo na ngazi. Unamjua shemeji yako. Alichora ramani kwa siku moja, kwa kuwa ni ile ile aliyoijenga mara sitini: gereji mbele kwa sababu wanunuzi huitazama kwanza, jiko nyuma, korido ndefu katikati. Alifuta ngazi tu, akasema kazi imekwisha. Mama alimwambia asante, lakini ilikuwa asante ya mgeni aliyepakuliwa chakula asichokipenda. Mimi niliisikia, Baba hakuisikia. Na zege la msingi lilipangwa kumwagwa kesho. Zege likishakauka, Mama Mdogo, hakuna wa kuhamisha ukuta kwa machozi.

Basi wiki iliyopita tulikuwa Orlando kwenye maonyesho ya wajenzi. Baba huenda kule kushikashika misumeno mipya na kula nyama ya bure kwenye mabanda. Safari hii nilimwandikisha darasa la kupanga nyumba, nikamdanganya kuwa ni la paa. Mungu anisamehe.

Mwalimu alikuwa Bi. Rosalind Teague, mchoraji ramani kutoka Georgia, mwanamke mfupi wa sauti ya taratibu. Hakutuonyesha picha hata moja. Alitugawia utepe wa bluu unaonata, ule wa wapaka rangi, akatuambia kila mmoja aibandike mistari ya ramani yake sakafuni kwa ukubwa wake halisi, halafu tuishi ndani yake asubuhi moja. Uamke, uende msalani, uchemshe kahawa. Atakayekanyaga utepe amegonga ukuta, aanze upya kitandani.

Sijui nikueleze vipi. Ukumbi ule ni mkubwa kuliko mashamba ya pamba ya babu, taa nyeupe juu kabisa, na chini nyumba kumi zimelala kimya bila kuta. Wanaume wazima wenye mikono migumu wanafungua milango isiyokuwepo. Mmoja anakoroga sufuria ya hewa na kuonja. Nilijikuta nanong'ona, nisije nikaamsha mtoto wa mtu chumba cha pili. Naapa nilisikia harufu ya mkate wa mahindi wa Mama. Nilikuwa macho, lakini sikuwa na hakika sana.

Baba akaamka kitandani mwake, akakata moja kwa moja hadi jikoni.

"Mzee, umepita ukutani!" jirani yetu, mjenzi mmoja wa Texas, akapiga kelele. "Wewe jini au mtu?"

"Nyumba yangu, napita ninapotaka," Baba akamjibu. "Wewe kaangalie choo chako, umekiweka sebuleni."

Watu wakacheka sana. Bi. Teague naye akacheka, kisha akamletea fremu ya chuma kama ya Mama. Nilikuwa nimemweleza habari zetu kabla ya darasa.

"Rudi kitandani, Bwana Tidwell," akasema. "Sasa njoo na hii."

Baba akanitazama, akajua. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini akaishika. Kwenye mlango wa msalani miguu ya fremu ikakanyaga utepe pande zote mbili. Akajaribu kiubavu, ikakwama. Korido aliimaliza kwa hatua hamsini na moja, nilizihesabu, akafika kwenye sinki anahema. Akasimama pale akitazama mbele.

"Mama yako ataona nini hapa?" akaniuliza.

"Uzio, Baba."

Akatoa simu akampigia Mama palepale, sauti ikasikika kwetu sote.

"Nadine, ukisimama kwenye sinki unataka kuona nini?"

"Umelewa, Delmer? Saa nne hii ya asubuhi?"

"Nijibu tu, mwanamke."

"Nataka kukuona ukirudi," akasema. "Miaka arobaini na mitatu nasikia tu mlango wa gereji ukinguruma. Sijawahi kukuona ukija."

Baba akairudisha simu mfukoni. Alipiga magoti, na magoti yake unayajua, akaanza kubandua utepe. Yule wa Texas alikuja kimya akamshikia upande wa pili. Wakaleta jiko mbele, wakasukuma gereji ubavuni, wakapanua milango yote. Mimi nililia waziwazi, sina haya kukuambia.

Zege tumeliahirisha wiki mbili. Mwenye malori alifoka, Baba naye akafoka, wakaelewana. Leo baada ya kanisa tulimpeleka Mama kiwanjani. Baba alikwisha kuchora nyumba mpya kwa chokaa juu ya udongo, akaweka kiti cha jikoni pale litakapokaa sinki, akamketisha. Halafu akaingia garini akaondoka bila kuaga. Tukashangaa.

Baada ya dakika tano gari likatokea kule kwenye kona, taratibu, taa zimewashwa mchana kweupe. Mama akainua mkono. Hakuushusha hadi Baba alipozima injini.

Nisalimie sana Baba Mdogo Harlan na dada yangu Tessa, na mwambie Tessa nasubiri picha za mtoto. Mama anakusalimu, Baba pia, ingawa kalala na chokaa viatuni. Mungu awalinde, na kila mmoja wenu ampe dirisha la kumwonea mtu wake akija.

Ni mimi, binti wa dada yako, nikupendaye bila kuchoka,
Marla