Makande ya Nyuma ya Gereji

Jumatatu, 3 Juni

Leo wali wa stendi. Mama ameonja vijiko viwili, akasukuma sahani. Jana ilikuwa perege wa Ziwa Jipe, ameletwa asubuhi kwa pikipiki, bado anang'aa. Akasema ananuka tope. Juzi ndizi nyama za yule mama wa sokoni anayesifiwa na mji mzima. Wapi. Nimezunguka vibanda vya Same mpaka wapishi wananiita kwa jina. Daktari kasema dawa hazifai kitu kwenye tumbo tupu. Mama anasema hana njaa. Tangu nimteremshe kutoka kwetu mlimani Vudee amezidi kukonda, shingo imekuwa nyembamba. Naogopa. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Juni

Mteja aliyeleta simu ya kubadilisha kioo kaniambia nyuma ya gereji ya malori kuna dada anapika makande. Nimekwenda bila matumaini. Kibanda cha mabati, hakina hata jina. Mabenchi mawili, sufuria moja kubwa, jiko la maranda. Bei chini ya soda. Hapo hapo nikaanza kutia shaka. Mimi kitu rahisi nakigeuza kwanza nione chini yake kuna nini. Rafiki zangu wa Tanga wanasema ndiyo Upare wenyewe huo. Sawa, na uwe.

Yule dada aliuliza nampelekea nani. Nikasema mama yangu, mgonjwa. Akanitazama kuliko inavyostahili. Akajaza hotpoti, kisha akachota kijiko humo humo, akala, ndipo akafunika. Sikupenda hata kidogo.

Mama kamaliza yote. Kauliza kama yamebaki.

Ijumaa, 7 Juni

Anakula kila siku. Jana kameza dawa bila kubembelezwa.

Nami nimeyaonja. Lazima niandike ukweli: sijala makande kama haya. Mahindi yamekobolewa vizuri, maharage yameiva mpaka yanayeyuka, maziwa kidogo, kitunguu, na tangawizi kwa mbali ambayo huijui mpaka umeze. Kwa bei ile? Anapata faida wapi? Mtu anayepika hivi angekuwa Moshi ana mgahawa wenye feni. Anafanya nini nyuma ya gereji?

Anaitwa Nanzia. Leo nimekaa pembeni makusudi nimchunguze. Madereva wanapakuliwa tu, wanapewa. Hotpoti yangu peke yake ndiyo inachotwa. Kijiko kimoja, anatafuna, ananiangalia machoni, anafunika. Kama ni chumvi, si angeonja kwenye sufuria? Nimewaza labda ananitaka. Nimejitazama kwenye kioo. Hapana.

Jumapili, 9 Juni

Mama katoka nje mwenyewe, kakaa kibarazani baada ya ibada. Kamkosoa jirani jinsi anavyofua. Nimefurahi mno. Mtu anayepata nguvu ya kumsema jirani anapona.

Kauliza nani anapika. Nikasema dada mmoja tu wa mjini. Kasema huyo si wa mjini.

Jumatano, 12 Juni

Nanzia kaongeza kipimo. Hotpoti haifungi. Bei ile ile. "Msalimie mama, mwambie shikamoo." Kwa nini? Hajawahi kumwona. Njiani nimesimama nikayakoroga kwa kijiti nitafute sijui nini. Nimekuta maharage. Nimejiona mjinga, lakini kesho nitayakoroga tena.

Jumamosi, 15 Juni

Nimepanda Vudee kuchukua sweta na mablanketi ya Mama. Ukungu, baridi ya kuuma masikio. Nimefikia kwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu Baba. Tukatoka kuangalia shamba. Ng'ambo ya masale, ile mimea ya mpaka, uani kwa Yoeli, mwanamke anafunga gunia la maharage. Akainuka. Nanzia.

Baba Mdogo kasema ndiyo, binti yake Yoeli, anauza chakula huko bondeni.

Yoeli ndiye tuliye na kesi naye ya mpaka wa shamba. Anadai Baba aliyahamisha masale yaliyopandwa na mababu, ili mfereji upite kwetu. Baba alidai ni Yoeli aliyeyahamisha. Kesi imepanda baraza hadi baraza, Baba kafa ikiwa haijaisha. Nyumba hizi mbili hazipeani hata kaa la moto. Mazishini kwa Baba, Mama alisema mbele ya watu kwamba hatatia kinywani kitu cha nyumba ile mpaka anaingia kaburini.

Na mimi ndiye ninayemlisha.

Jumatatu, 17 Juni

Sikwenda gerejini. Nimenunua chipsi kuku. Mama kazitazama kama nimemletea viatu. Kauliza makande yako wapi. Nikasema yameisha. Jana alikohoa mara mbili, nikahesabu ni sumu. Nikakumbuka tangu juzi yuko kwenye vumbi la upepo huu wa Same na mimi pia nakohoa. Lakini nimeshakula chakula kile na mimi! Nimejipapasa tumbo mchana kutwa. Halina kitu.

Kile kijiko sasa kinanitesa. Alikuwa anaingiza nini?

Jumatano, 19 Juni

Hali mbaya. Leo kanywa chai nusu kikombe, basi. Mikono inatetemeka. Anasema hana njaa, maneno yale yale ya mwanzo.

Baba Mdogo kapiga simu. Nilimweleza. Kafoka: "Umlishe shemeji yangu vya Yoeli? Acha kabisa! Afadhali alale njaa!" Yeye amekula ameshiba, ni rahisi kusema. Nimekata simu. Nina hasira naye, na Nanzia, na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda gerejini asubuhi, hata salamu sikutoa. Nikamwuliza mbele ya mafundi: kwa nini unachota ya kwangu tu?

Aliweka upawa chini. Akanishangaa. "Kaka, kwani wewe hukufundishwa? Watu wenye kesi, anayetoa ndiye anayeanza kula. Nisingeanza, mama yako angekulaje?"

Mimi nimekulia Tanga kwa shangazi, Vudee nilikuwa mgeni wa Krismasi. Hakuna aliyenifundisha. Siku zote hizo alikuwa ananionyesha kwamba chakula ni salama, na mimi namwandika humu kama mchawi.

Nikauliza alinijuaje. Kasema nina uso wa baba yangu mzima mzima. "Siku ile ya kwanza nilitaka kukwambia chakula kimeisha. Ukasema mama anaumwa."

"Ungenieleza."

"Ningekueleza ungenunua?"

Nisingenunua. Kachota, kaonja, kafunika. Sikuangalia pembeni.

Sasa je? Nikimwambia Mama, ana kiapo chake, ataacha kula. Nisipomwambia, namlisha kwa hila mtu aliyenizaa. Leo sikusema kitu. Kala nusu hotpoti huku akinisifia. Kila tonge lilinichoma mimi.

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwambia. Nilimwekea chakula mapajani kwanza, nikasema yote, hata jina la Yoeli.

Mama akaiweka hotpoti sakafuni. Akageukia ukutani. Sikujua mtu anaweza kugeuka taratibu vile. Nimekaa nje nikajilaani. Ukweli wangu umemwondolea mama yangu chakula, nikawaza, na mwezi haujaisha nitampeleka Vudee kwenye sanduku.

Alasiri akaniita. Bado anatazama ukuta.

"Alionja mbele yako?"

Kila siku.

"Kwa mdomo wake, ukimwona?"

Kwa macho yangu. Nikamwambia nilidhani ananidokolea. Mgongo wake ukaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mtoto wa Tanga wewe," kasema, "umetia aibu ukoo." Kisha kanigeukia. Kasema kiapo alimwapia Yoeli, hakumwapia binti. Sina hakika kama viapo vinagawanyika hivyo. Sikubishana.

Kaomba yapashwe moto.

Jumanne, 25 Juni

Baba Mdogo kapiga tena. Kesi iko palepale, na mwezi ujao ataniita nikatoe ushahidi. Nimesema nitaangalia.

Jioni Nanzia kaja mwenyewe na sufuria ndogo kwenye kitenge. Kapiga goti kidogo mlangoni, kamwamkia Mama. Mama kaitikia marahaba. Wakaanza kuongea Chasu, Kipare chenyewe, harakaharaka, mimi nikaambulia neno moja moja. Nadhani walikuwa wananisema. Mara wakashusha sauti, mara Mama akamshika mkono. Niliuliza wanasemaje, wakaendelea na yao. Sikurudia.

Nanzia kaondoka kabla ya giza. Upepo umetulia. Mama kala, kaacha kidogo chini ya bakuli, akanisogezea. Nikamaliza.